Simu za bei nafuu ziuzwe pamoja na msimbo wake

WANUNUZI wa simu katika njia panda ya Kolandoto, barabara ya Lalago inapoachana na ile ya Shinyanga kwenda Mwanza, huuliza kwanza bei. Hilo si kosa. Mkulima wa pamba na mchimbaji mdogo hununua kadiri mfuko unavyoruhusu. Hasara huja baadaye, kiwanda kinapoacha kuihudumia simu ambayo bado inatunza pesa za mwenyewe.

Tuchukue Android. Kiini chake, Linux, kina leseni ya GPL toleo la 2. Anayeuza simu hiyo analazimika kutoa msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu ambayo mtaalamu anaweza kuyasoma na kuyarekebisha, au kuahidi kwa maandishi kuutoa kwa miaka isiyopungua 3. Sehemu kubwa iliyobaki ina leseni ya Apache 2.0, isiyomdai muuzaji msimbo wowote. Free Software Foundation, waandishi wa GPL, wanasema leseni hizo mbili haziwezi kuunganishwa katika programu moja. Ndani ya Android zinakaa tabaka mbalimbali, na juu yake zipo programu zilizofungwa kabisa.

Tofauti hiyo imeshaonekana sokoni. Mozilla ilipoachana na Firefox OS ya simu, kampuni nyingine ilichukua msimbo ule na kuunda KaiOS, iliyofika nchini ndani ya Smart Kitochi ya Vodacom. WhatsApp si programu huria. Iliposimamisha huduma kwa KaiOS mwaka 2025, hakuna aliyeweza kuiendeleza kwa niaba ya wateja.

Kwa hiyo kwenye Android haki ya mlaji iliyo thabiti iko kwenye kiini. Fundi wa Kolandoto hatakiandika upya, lakini wataalamu wa kwingine wakikirekebisha, yeye atakiweka.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta. Anayekiuka leseni hana tofauti na anayedurufu kanda za msanii bila ruhusa.

Safu hii inashauri TCRA, inapoidhinisha aina ya simu, idai pia mahali msimbo wa kiini unapopatikana. Waagizaji watalalamikia gharama. Msimbo huo tayari upo kiwandani. Kinachotakiwa ni kuutoa, kama leseni waliyoikubali inavyosema.