Nuru ya Skrini na Uchaguzi wa Msomaji

Kwa karne nyingi msomaji amezoea wino mweusi juu ya karatasi nyeupe. Karatasi haina nuru yake yenyewe; huirudisha tu nuru ya jua au ya taa, na jua likichwa weupe wake hufifia pamoja na chumba. Skrini ya kompyuta au ya simu si hivyo: skrini yenyewe ndiyo taa. Ukurasa mweupe usomwao gizani humulika macho moja kwa moja.

Jambo hili lina historia yake. Kompyuta nyingi za miaka ya 1970 zilionyesha herufi za kijani juu ya skrini nyeusi. Mwaka 1973 kompyuta ya Xerox Alto, iliyobuniwa California, iliiga karatasi kwa kuweka herufi nyeusi juu ya weupe, na hatimaye mtindo huo ukaenea duniani. Mwezi Septemba 2018 kampuni ya Apple ilitoa mfumo wa Mojave, uliomwezesha mtumiaji kuchagua mandhari ya giza kwa kompyuta nzima. Hata hivyo, tovuti hazikuwa na habari ya uchaguzi huo. Mtu aliyechagua giza alifungua ukurasa, na weupe ukamwakia usoni.

Pengo hilo lilianza kuzibwa mwaka 2019. Kivinjari cha Safari kilitangulia mwezi Machi, Firefox kikafuata mwezi Mei, na Chrome mwezi Julai. Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Mwenye tovuti huandika katika kanuni za CSS rangi za namna mbili, za mchana na za giza. Kivinjari huutazama uchaguzi uliofanywa katika simu au kompyuta, kisha hutumia rangi zinazolingana nao. Mtumiaji akibadili uchaguzi wake, ukurasa nao hubadilika papo hapo.

Je, faida yake ni nini? Hapa yapasa kusema kwa uangalifu, maana sifa nyingine zimetiwa chumvi. Katika skrini za OLED kila nukta huwaka peke yake, na nukta nyeusi ni nukta iliyozimwa. Katika skrini za LCD taa ya nyuma huendelea kuwaka hata ukurasa uwe mweusi, hivyo betri haipati nafuu ya maana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walionyesha mwaka 2021 kwamba hata katika skrini za OLED, mwangaza ukiwa wa kadiri ya asilimia 30 hadi 50, umeme uliookolewa ulikuwa asilimia 3 hadi 9 tu kwa wastani. Mwangaza ulipofikishwa kileleni ndipo akiba ilipofikia asilimia 39 hadi 47.

Kwa upande wa macho, weupe huifanya mboni ijibane, na mboni ndogo huona herufi kwa ukali zaidi. Kwa hiyo, aghalabu, mwenye macho mazima husoma vyema zaidi herufi nyeusi juu ya weupe. Lakini si macho yote yaliyo sawa. Mwenye mtoto wa jicho huona nuru ikitawanyika ndani ya jicho lake. Mwenye ualbino ana uhaba wa rangi katika duara linaloizunguka mboni, na nuru kali humwumiza. Kwa wengi wa watu hao ukurasa wa giza si pambo. Ndio unaowawezesha kusoma.

Basi swali si rangi ipi iliyo bora, bali ni nani mwenye haki ya kuichagua. Jibu la haki ni moja: mwenye macho. Tovuti inayopuuza uchaguzi uliokwisha kufanywa humlazimisha msomaji kufuata mazoea ya mtengenezaji.

Watengenezaji husema kwamba kazi huwa maradufu. Dai hilo lina ukweli. Haitoshi kugeuza nyeupe kuwa nyeusi: kanuni za kimataifa za WCAG zataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa 4.5 kwa 1 au zaidi, na mchoro wa mistari myeusi usio na mandharinyuma yake hutoweka kabisa gizani. Hata hivyo, kazi hiyo hufanywa mara moja, na manufaa yake hudumu kwa kila msomaji ajaye.

Tovuti za elimu zapasa kuwa mstari wa mbele. Mwanafunzi anayesoma usiku mchoro wa moyo au jedwali la elementi hastahili kuchagua kati ya kuumia macho na kukosa somo. Walimu nao waweza kulifanya jambo hili kuwa zoezi la darasani: wanafunzi waandike ukurasa mmoja wenye rangi za namna mbili, wausome mchana na usiku, kisha walinganishe waliyoyaona. Watajifunza fizikia ya nuru, biolojia ya jicho na uandishi wa programu kwa pamoja. Na zaidi ya hayo, watajifunza kwamba chombo kizuri ni kile kinachomsikiliza anayekitumia.