"Sorrow" na "Sorry" si Ndugu

Liko fundisho moja lililozoeleka madarasani mwetu ambalo halina budi kupingwa. Mwalimu husimama mbele ya wanaojifunza Kiswahili kwa njia ya Kiingereza, akawaambia kwamba neno "sorry" limezaliwa na "sorrow", yaani huzuni. Kisha akahitimisha kwamba "pole" ni "sorry", basi pole nayo ni neno la huzuni. Hoja hiyo ni mbovu mwanzo na mwisho.

Tuanze na asili. Katika Kiingereza cha Kale, kilichosemwa hadi kwenye mwaka 1100 hivi, "sorrow" lilikuwa "sorg", nalo lilibeba maana ya huzuni na wasiwasi wa moyo. Ndugu yake angali hai katika Kijerumani: "Sorge", yaani wasiwasi. "Sorry" nalo lilitokana na "sarig", kivumishi kilichozaliwa na "sar", maana yake maumivu au jeraha. Hilo ndilo "sore" la leo. Maneno hayo yalikaa pamoja karne nyingi, sauti zikakaribiana, na maana zikaambukizana. Kufanana kwao ni kwa ujirani, si kwa kuzaliwa.

Nitaulizwa: hayo yamhusu nini mwalimu wa Kiswahili? Yamhusu sana. Mwingereza hutumia "sorry" kumliwaza mfiwa, na hulitumia pia kuungama kosa. Kiswahili kimezitenga kazi hizo. Mfiwa tunampa pole. Tuliyemkosea tunamwomba radhi. Tena "pole" humfikia hata asiye na huzuni: pole na kazi, pole na safari. Hapo pana msiba gani? Mwanafunzi aliyekaririshwa kwamba "pole" ni "sorry" atamwaga chai juu ya kanzu ya mwenyeji wake, aseme "pole", kisha ashangae kuona mwenyeji amenuna. Hakukosa adabu huyo, alifundishwa vibaya.

Wahenga walinena: usilolijua ni kama usiku wa kiza. Walimu wenzangu, asili ya neno haikisiwi kwa sikio. Hutafutwa katika kamusi za historia ya lugha. Na maana haifundishwi kwa kulibandika neno moja la kigeni, bali kwa kumwonyesha mwanafunzi mahali neno linapotumika: matangani, kazini, safarini. Tufundishe hivyo, ama somo hilo tuliache.