Mganga wa Kahura

Hospitali ya Haydom ilifunguliwa wilayani Mbulu mwaka 1955. Tangu hapo wazazi wengi wa Mbulu na Hanang walioshindwa kujifungua wamepasuliwa humo, wakarudi makwao na wana mgongoni. Jambo hilo ni jema na lastahili shukrani. Lisilo jema ni fikira iliyofuatana nalo: kwamba kisu kimwokoacho mzazi ni zawadi ya ng'ambo, na kwamba kabla yake Afrika Mashariki haikujua ila kuomboleza. Mkunga kijana wa Mbulu au Katesh afundishwaye hivyo amedhulumiwa urithi wake.

Kwa muda mrefu vitabu vilimwita J. Marion Sims wa Marekani baba wa utabibu wa wanawake. Kati ya 1845 na 1849, mjini Montgomery, Alabama, alijifunza kuziba fistula, yaani tundu libakialo mtoto akikwama njiani muda mrefu, likamwacha mama akivuja mkojo. Alijifunza juu ya miili ya watumwa. Watatu wajulikana kwa majina: Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha peke yake alipasuliwa yapata mara 30 bila dawa ya usingizi, ingawa etha ilikwisha kuonyeshwa Boston mwaka 1846. Mtumwa hakuwa na haki ya kukataa. Huyo ndiye baba. Na wana aliowalea ni hao.

Mwaka 1879, Kahura katika Bunyoro, Robert Felkin, kijana Mwingereza aliyekuwa akisomea utabibu, alimwona mganga wa Kinyoro akimtoa mtoto tumboni mwa mwanamke mwenye mimba ya kwanza. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akawa nusu amelewa. Mganga alinawa mikono, akaliosha tumbo kwa pombe ile ile, kisha kwa maji. Palipovuja damu palichomwa kwa chuma cha moto. Jeraha lilibanwa kwa misumari saba ya chuma kilichosuguliwa, ikazungushiwa uzi wa gome, likapakwa dawa ya mizizi na kufunikwa jani la mgomba. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona. Mama na mtoto walikuwa hai.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sims alijenga ukuta. Mganga wa Kahura aliziba ufa, maana mtoto aliyekwama akitolewa mapema, fistula haipati nafasi. Kujenga ukuta ni kazi ya maana. Lakini kwa hukumu gani mjenzi aitwe baba, na mzibaji asiitwe hata mwana?

Wapo wasemao kwamba habari ya Kahura ina shahidi mmoja tu. Na iwe hivyo. Felkin aliichapisha Edinburgh mwaka 1884. Mwaka huo huo Sims, aliyefariki 1883, alichapishiwa kitabu cha maisha yake, alimojisimulia mwenyewe. Anarcha, Betsey na Lucy hawakuacha maandishi. Ikiwa ushahidi wa mtu juu ya nafsi yake ulitosha kumpa sanamu New York, ushahidi wa mgeni juu ya mwenyeji haujapungua uzito.

Wengine watauliza, Bunyoro ina nini na Mbulu? Wairaqw wenyewe wamejibu zamani. Walipofikwa na maradhi makubwa walivuka mpaka kwenda kwa waganga wa Kidatoga, wala hawakuudharau uganga kwa kuwa umetoka kwa jirani. Ugeni haukuwa aibu ya dawa. Basi usifanywe aibu ya historia.

Sanamu ya Sims iliondolewa katika bustani ya Central Park mwezi wa Aprili, 2018. Kuondoa sanamu ni nusu ya haki. Nusu ya pili yatakiwa darasani: Anarcha, Betsey na Lucy watajwe kabla ya Sims, na mganga wa Kahura pamoja na mama aliyemwokoa watajwe kwa kazi na mahali, kwa kuwa Felkin aliihesabu misumari, asiandike majina yao. Mcheza kwao hutunzwa. Huyu alicheza kwao, akatuzwa mwingine.