Elimu ya Vitufe

Msomaji, chombo chema ni kile kinachomtumikia mtu kisha kikamwacha huru. Jembe la mhunzi mmoja na jembe la mhunzi mwingine hulima shamba lile lile, wala mkulima anayebadili jembe hahitaji kufundishwa kulima mara ya pili. Kompyuta nayo ni chombo. Lakini kijana aliyejifunza kuandika barua kwa kompyuta ya namna moja aghalabu hutahayari mbele ya kompyuta ya namna nyingine, kana kwamba hakupata kwenda shule. Wenziwe humcheka, naye hujidhania mjinga. Mimi nasema si mjinga. Nataka kueleza hapa kosa ni la nani, na njia ya kulipunguza ni ipi.

Ndani ya kila kompyuta na kila simu ya kisasa mna programu kuu inayozisimamia programu nyingine zote. Hiyo huitwa mfumo endeshi. Kazi yake yafanana na kazi ya msimamizi wa bohari: hupokea mizigo, huiweka mahali pake, humpa kila mwenye haja zamu yake, na humfungia mlango asiye na ruhusa. Windows ya kampuni ya Microsoft ni mfumo endeshi mmoja. macOS ya kampuni ya Apple ni wa pili. Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, ni wa tatu. Android, iliyojengwa juu ya kiini hicho cha Linux, ndiyo iliyomo katika simu nyingi tuzionazo hapa Kinna. Wasimamizi ni mbalimbali, lakini kazi ni moja.

Sasa fikiri safari ya mwanafunzi mmoja wa Kinna. Nyumbani hushika simu ya Android, na kidole chake ndicho kalamu. Shuleni hukaa mbele ya Windows, akafundishwa kwamba kunakili maneno ni kubonyeza kitufe cha Ctrl pamoja na C. Baadaye huenda akafika chuoni akapewa kompyuta ya Apple, ambayo kwa kazi ile ile hutaka kitufe cha Command. Akiwa na flashi iliyopangwa kwa utaratibu wa NTFS wa Windows, kompyuta hiyo ya Apple kwa kawaida humruhusu kuisoma kazi yake, lakini humkataza kuandika ndani ya flashi hiyo. Akihamia Linux, hukuta kwamba faili iitwayo "Insha" na faili iitwayo "insha" ni faili mbili, na hali katika Windows majina hayo huhesabiwa kuwa jina moja. Siku ya kuomba kazi huichukua barua yake mpaka Maua au Isiolo kuipiga chapa. Huko hukuta fonti aliyoichagua haimo, mistari imeruka, na ukurasa mmoja umekuwa kurasa mbili. Amelipa nauli, na sasa analipa dakika za saiba ili kuitengeneza upya kazi aliyokwisha kuimaliza. Katika taabu zote hizo, ni ipi iliyomwongezea elimu? Hata moja.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo madogo, na kwamba mtu huyazoea. Nami nawajibu kwa mfano wa reli. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina nafasi ya milimita 1067 baina ya vyuma vyake viwili. Reli ya Kati ya Tanzania, iliyojengwa zamani za Wajerumani, ina nafasi ya milimita 1000. Tofauti ni milimita 67, upana usiotimia kiganja cha mtu mzima. Lakini kwa ajili ya milimita hizo behewa la njia moja haliwezi kupita juu ya njia ya pili, na huko Kidatu ilibidi pajengwe kituo cha kushusha mizigo na kuipakia upya. Kwetu Kenya ni vivyo hivyo: reli ya kisasa iliyofunguliwa mwaka 2017 kati ya Mombasa na Nairobi ni ya milimita 1435, na ile ya zamani ni ya milimita 1000. Jambo dogo linalozuia njia si dogo. Haba na haba hujaza kibaba, na taabu ndogo za kila siku hujaza umri wa mtu.

Je, tofauti hizi zimetoka wapi? Haki hutaka tuseme kwamba nyingine ni ajali za historia. Kila kampuni ilianza kivyake, ikachagua vitufe vyake kabla ya wengine kuzaliwa. Nyingine ni matunda ya ubunifu, na hapana mwenye busara achukiaye ubunifu. Lakini iko tofauti ya namna ya tatu, nayo ni ua. Mteja ambaye kazi zake zote zimefungwa ndani ya mfumo mmoja hufikiri mara mia kabla ya kuondoka. Mwenye ua hana haja kubwa ya kukata lango, kwa kuwa taabu ya mteja ndiyo faida yake. Hata ajali ya historia, ikiwa inambakiza mnunuzi ndani, haina mtu wa kuisahihisha kwa hiari yake.

Mwingine atasema, "Basi nishikamane na kampuni moja maisha yangu yote, nami nitapumzika." La hasha! Windows yenyewe ilileta kitufe cha Start mwaka 1995. Watu wakakizoea kwa muda wa miaka 17. Mwaka 2012, katika Windows 8, kitufe hicho kikaondolewa mahali pake. Watu wakanung'unika, na mwaka 2013, katika Windows 8.1, kikarudishwa. Tena tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha utunzaji wa kawaida wa Windows 10, na kompyuta nyingi nzima zilizokuwa zikiitumia hazitimizi masharti ya Windows 11. Shule yenye mashine kama hizo hujikuta njia panda: inunue mpya, ihamie Linux, au iendelee na chombo kisicholindwa. Aliyeshikamana na kampuni moja hakuepuka kuhama. Amemwachia mtu mwingine amchagulie siku ya kuhama.

Dawa iko wapi? Sisi wasemaji wa Kiswahili tunayo historia ya kutufunza. Katika mkutano uliofanywa Mombasa mwaka 1928, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi ya kusanifisha. Uamuzi ule ulifanywa chini ya utawala wa kikoloni, nao una lawama zake mpaka leo, hasa kwa watu wa Mvita na Lamu. Lakini kitabu kilichopigwa chapa Dar es Salaam kikasomeka Nairobi, na Kimvita hakikufa kwa sababu hiyo. Usanifu wa haki hauwalazimishi watu wote kuwa sawasawa. Huwapa mahali pa kukutania.

Katika mambo ya kompyuta mahali pa kukutania pako. Muundo wa faili uitwao OpenDocument ulikubaliwa kuwa kipimo cha kimataifa mwaka 2006, na PDF ikakubaliwa mwaka 2008. Barua iliyogeuzwa kuwa PDF pamoja na fonti zake hubaki na mistari yake, iwe imefunguliwa Kinna au Kisumu. Hata kampuni zinazoshindana huweza kufungua milango. Mwaka 2018 kampuni za simu za Kenya ziliunganisha huduma zao za fedha, pesa zikaanza kupita moja kwa moja kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Ua uliodhaniwa kuwa wa lazima ukaonekana haukuwa wa lazima.

Hata hivyo, nisingekuwa mwalimu wa kweli kama ningezilaumu kampuni na kuzisamehe shule. Kanuni mojawapo ya kwanza katika vyuo vya ualimu ni kumtoa mwanafunzi katika analolijua na kumfikisha katika asilolijua. Lakini mara nyingi somo la Kompyuta hufundishwa kwa kukariri: bonyeza hapa, kisha pale, kisha pale. Hiyo ni elimu ya vitufe, na kitufe kikihama, elimu nayo huhama. Mwanafunzi na afundishwe faili ni nini, folda ni nini, jina la faili latofautianaje na muundo wake, na kazi huhifadhiwa wapi. Ajaribu kazi moja katika mifumo miwili, hata kama mmoja wapo ni simu tu. Aliyeelewa kwamba kunakili ni kuchukua sura ya kitu na kukiacha chenyewe mahali pake, atakitafuta kitufe cha kunakili popote, wala hatatahayari.

Nasi wa Kinna na Garba Tula hatuhitaji kwenda mbali kutafuta hekima. Katika desturi ya Waborana kisima huwa na mwenyewe, wala hapana ambishiaye. Lakini zamu za kunywesha zina msimamizi wake, aba herega, na kila mwenye mifugo huijua zamu yake. Hapana achongaye birika kwa kipimo cha midomo ya ng'ombe wake peke yake. Kampuni na ziwe na visima vyao, na zipate faida ya halali kwa jasho lao. Lakini kila shule na kila ofisi ya umma inayonunua kompyuta kwa fedha za wananchi yapaswa kuuliza kwanza swali hili: je, kazi zetu zaweza kutoka humu zikiwa nzima siku tutakapotaka kuhama? Asiyeweza kujibu "ndiyo" asinunuliwe.

Nawe, msomaji, usikubali kuitwa mjinga kwa sababu kitufe kimehamishwa. Hifadhi kazi zako katika miundo inayosomeka kila mahali. Ukiketi mbele ya mashine ngeni, jiulize kwanza ni kazi gani unayotaka kuifanya, ndipo ukitafute kitufe. Na ikiwa siku moja wewe ndiwe utakayetunga programu, jenga nyumba nzuri upendavyo, lakini iwekee mlango, na mlango huo ufunguke kutoka ndani.