Gemu za bure ndizo zitakazotumaliza, si za dola 80

Vijana wanaocheza gemu wana swali moja wasilochoka kuuliza: ninunue sasa ama ningoje bei ishuke? Zamani jibu lilikuwa rahisi. Ngoja. PlayStation 2 ilipoingia madukani Marekani mwaka wa 2000 iliuzwa dola 299. Mwaka wa 2002 ikawa 199, na kufikia 2009 ilikuwa dola 99. Mwenye subira alipata mashine ile ile kwa theluthi ya bei, na gemu za kuchezea zilikuwa zimejaa tele, nyingi zikiuzwa bei ya kutupa.

Siku hizi mwenye subira anaweza kuumia. PlayStation 5 yenye mlango wa CD ilitoka Novemba 2020 kwa dola 499. Karibu miaka 5 baadaye, wakati ambao kwa desturi ingekuwa imeshuka bei mara mbili, Sony iliipandisha Marekani hadi dola 549. Xbox Series X nayo ilianza kwa 499, ikawa 599 Mei 2025, na Oktoba mwaka huo huo ikafika 649. Hebu fikiria: mashine ya miaka 5 inauzwa ghali kuliko siku ilipozaliwa! Sababu ni kadhaa. Kuna ushuru mpya ambao Marekani inatoza bidhaa zinazotoka nje, na kuna chipu za memori, ambazo bei yake imepaa kwa sababu kampuni za akili mnemba zinazinunua kwa wingi na kwa pesa ndefu. Mwenye duka Luthuli Avenue hawezi kukuuzia chini ya bei aliyonunulia yeye, hata mkibishana mpaka jioni.

Hiyo ni mashine. Gemu zenyewe zina hadithi yake.

Kuanzia mwaka wa 2005 na 2006, Xbox 360 na PlayStation 3 zilipotoka, gemu kubwa mpya iliuzwa dola 60, na bei hiyo haikuguswa kwa miaka 15 hivi. Kila kitu kingine duniani kilipanda, unga, mafuta, kodi ya nyumba, lakini gemu ilibaki 60. Kwa hesabu ya Mmarekani, hiyo ilikuwa bei inayoshuka polepole bila mtu kuishusha, kwa sababu dola 60 za 2006 zingekuwa zaidi ya dola 90 za leo. Mwaka wa 2020 zikaja gemu za dola 70. Juni 2025 Nintendo ikatoa Mario Kart World kwa dola 80, na kelele zikaanza.

Watengenezaji wana hoja. Mwaka wa 2023, katika kesi mahakamani Marekani, karatasi za Sony zilifichua kwamba The Last of Us Part II ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 220, na Horizon Forbidden West kwa milioni 212. Pesa hizo ni lazima zirudi. Lakini hoja hiyo isikutie huruma kupita kiasi, maana mnunuzi naye ana sauti. Microsoft ilitangaza kwamba itaanza kuuza baadhi ya gemu zake mpya kwa dola 80, ikianza na The Outer Worlds 2. Watu wakalalamika. Miezi michache baadaye ikarudi kwa dola 70, na waliokuwa wamelipa mapema wakarudishiwa pesa.

Kwetu Kenya hesabu hii ina kona nyingine ambayo wachezaji wengi hawaiangalii. Mwaka wa 2006 dola moja ilikuwa shilingi 70 na kidogo, kwa hivyo gemu ya dola 60 ilikuwa kama shilingi 4,300. Januari 2024 dola ilipofika shilingi 160, gemu ya dola 70 ilikuwa shilingi 11,200. Baadaye mwaka huo huo dola ikashuka hadi karibu 129, na gemu ile ile ikawa kama shilingi 9,000. Elfu mbili zimepungua bila kampuni yoyote ya gemu kubadilisha chochote! Kwa hivyo ukiniuliza kama bei itapanda au itashuka, nami nitakuuliza: shilingi inaendeleaje? Mkenya anayenunua kwa dola hupangiwa bei mara mbili, mara ya kwanza na kampuni, mara ya pili na soko la pesa za kigeni. Hapo hujaongeza VAT ya asilimia 16 na ada ya kubadilisha pesa.

Maoni yangu ni haya. Gemu kubwa zenye majina zitaendelea kupanda, taratibu, kutoka 70 kwenda 80, na zile zinazosubiriwa na dunia nzima ndizo zitakazofungua njia. Chini yake kutakuwa na gemu nzuri sana za bei ya kati. Mwaka wa 2025 studio ya Kifaransa, Sandfall Interactive, ilitoa Clair Obscur: Expedition 33 kwa dola 50, na Desemba ikabeba tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Hollow Knight: Silksong ilitoka Septemba kwa dola 20, na watu waliikimbilia mpaka maduka ya mtandaoni yakazidiwa. Kwa hivyo anayesema hakuna gemu ya maana chini ya dola 80 anakudanganya, au anakuuzia kitu.

Ila mashindano ya kweli yanaenda kwenye sufuri. Konami walikuwa wakiuza mpira wao wa PES kila mwaka. Mwaka wa 2021 wakaubadilisha jina kuwa eFootball na kuufanya bure. Fortnite ni bure. Mpira wa EA wa kwenye simu ni bure. Kijana wa Githurai au Likoni mwenye simu ya kawaida na bando anaweza kucheza gemu ambazo babake asingeweza kuzinunua. Huwezi kuona bei iliyoshuka kuliko hiyo.

Na hapo ndipo napoanza kuwa na wasiwasi, kwa sababu kazi ya blogu hii ni kuangalia pesa inakokwenda.

Gemu ya bure haiishi kwa hewa. Inaishi kwa koini, mavazi ya mchezaji, pasi ya msimu, na pakiti za wachezaji unazofungua bila kujua nani yumo. Bei haikuondoka, imevunjwa vipande vidogo ambavyo haviumi kimoja kimoja. Tufanye hesabu. Tuseme mtu ananunua koini za bob 150 mara tatu kwa wiki. Hiyo ni bob 450, pesa ambayo wengi hata hawaihesabu. Kwa wiki 52 ni shilingi 23,400. Gemu ya dola 80 inayopigiwa kelele, kwa dola ya shilingi 129, ni shilingi 10,320. Yule wa bure amelipa gemu mbili nzima za bei ya juu kabisa, chenji ikabaki, na mwisho wa mwaka hana hata moja. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki ni cha mtu mwingine.

Wenye sheria nchi nyingine wameliona hili. Mwaka wa 2018 Ubelgiji iliamua kwamba pakiti za bahati zinazolipiwa kwenye gemu ni kamari, na Januari 2019 EA ikaacha kuuza pointi za FIFA huko. Desemba 2022 tume ya biashara ya Marekani iliitoza Epic, wenye Fortnite, dola milioni 245 za kurudishia wateja, kwa kuwa vitufe vilipangwa kwa namna iliyowafanya watu, watoto wakiwemo, wanunue bila kukusudia. Mwaka wa 2014 Apple ilikubali kurudisha angalau dola milioni 32.5 kwa wazazi ambao watoto wao walinunua vitu ndani ya programu. Mzazi wa Kenya asingoje tume ya Marekani imlinde.

Kusema ukweli, njia ya malipo inachangia. Zamani kununua gemu kulihitaji ushuke mjini, uhesabu noti, uiage pesa kwa macho. Leo ni ujumbe kwenye simu na tarakimu nne. Wepesi huo ndio tunaouuza sisi, na ni kitu kizuri unapolipa stima au karo. Lakini mtoto wa miaka 11 aliyekariri PIN ya mamake hajui tofauti ya koini na shilingi. Mama atajua tu akifika dukani, aambiwe salio halitoshi, na nyuma yake kuna foleni.

Kwa hivyo PIN isiwe kitu cha kukaririwa na nyumba nzima. Kama mtoto hucheza kwenye simu yako, weka mpangilio wa duka la programu udai idhini yako kila mara kabla ya kununua, na usihifadhi kadi humo. Ukiwa unalipia usajili wa kila mwezi kwa kadi ya mtandaoni, iwekee kadi hiyo kikomo, maana usajili hujirudia wenyewe na bei yake hubadilika: Game Pass Ultimate ilikuwa dola 19.99 kwa mwezi Marekani, na Oktoba 2025 ikaruka hadi 29.99. Aliyejisajili akasahau hakuulizwa upya. Na mkopo wa simu wa kununulia koini, jamani, hapana. Utalipa riba ya nguo ambayo haivaliki.

Jambo lingine ni vocha. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi zenye duka rasmi la PlayStation, kwa hivyo wachezaji wengi hufungua akaunti za nchi nyingine na kununua vocha za nchi hizo kutoka kwa wauzaji wa hapa. Biashara yenyewe haina ubaya, na wengi ni waaminifu. Bei ya gemu ikipanda, ndipo walaghai hujitokeza na vocha ya dola 50 kwa bei ya 30. Ukiambiwa utume kwa nambari ya mtu binafsi badala ya till, na jina linalotokea kabla ya kuweka PIN halifanani na la duka, acha. Kumbuka pia kwamba vocha ni tarakimu tu: ikishatumika na mwingine hairudi, na kurejeshewa muamala ambao mpokeaji ameshatoa pesa ni kibarua kigumu.

Nilikaribia kusahau CD. Hapa ndipo bei inapopanda bila kutangazwa. Mwenye CD ya dola 70 anaweza kuimaliza, kuipeleka dukani, kuongeza pesa kidogo na kutoka na nyingine, na mwenye kibanda cha PS mtaani hujaza rafu kwa njia hiyo hiyo huku akitoza bob 10 au 20 kwa mechi. Gemu ya kupakua haiuziki wala haiazimiki. Sony ilipoleta PS5 Pro Novemba 2024 kwa dola 699, haikuwa na mlango wa CD. Ukiutaka unaununua kando. Soko la mtumba wa gemu likifa, gemu ya dola 70 itakuwa ghali kuliko ya dola 80 iliyo ndani ya kasha, kwa sababu ile ya kasha ukiiuza kwa dola 30 imekugharimu 50. Mwenye kibanda analijua hili kuliko sisi sote. Mimi kama ningekuwa na mashine leo, ningenunua yenye mlango wa CD hata kama inazidi kwa elfu kadhaa.

Basi ninunue ama ningoje? Mashine, ukiwa na pesa taslimu na unaihitaji, usitegemee tena kwamba mwakani itakuwa nafuu. Gemu kubwa, ngoja miezi sita au mwaka, maana hizo bado hushuka kwenye ofa hata zinapozinduliwa kwa bei ya juu. Ile ya mpira hasa, kwa kuwa mpya ikitoka ya zamani hakuna anayeitaka. Gemu ya bure, cheza, lakini kwanza fungua taarifa yako ya miamala ya miezi mitatu, tafuta jina la duka la programu, na ujumlishe.

Na kwa wale wanaosubiri GTA VI, iliyotangazwa kutoka tarehe 19 Novemba 2026: bob 300 kwa wiki kwenye akiba iliyofungwa, wiki 35, ni shilingi 10,500. Inatosha hata kama itauzwa dola 80, shilingi ikitulia hapa ilipo.