Muziki wa Kihaya: Neno ‘asili’ linavyomfuta mtunzi

WIMBO “Maria Salome” wa Saida Karoli ulipovuma kuanzia mwaka 2001, mashabiki wengi wa Dar es Salaam hawakuelewa Kihaya chake. Walichoshika ni maneno machache ya Kiswahili, wakaubatiza “Chambua kama Karanga”, na wapo ambao hadi leo hawajui jina lake jingine. Mwaka 2016 Diamond Platnumz, akishirikiana na Rayvanny, aliurejea katika “Salome”. Kiswahili kikatawala, midundo ikasukwa upya studio, video ikang’arishwa, na jina la binti wa Bukoba likarudi midomoni mwa watu.

Wapo waliolalamika kwamba ladha ya asili imechakachuliwa. Malalamiko hayo yanasikika vizuri, lakini hayafiki mbali. Hata wimbo wa Saida ulikuwa umekwishapita studio, ukapimwa ili utoshe redioni na kwenye kanda. Biashara ilimtoa Kagera ikamfikisha hadi Uganda, ambako Kihaya kina ndugu zake wa lugha. Kung’arishwa hakukumfuta Saida, kwa sababu sura na jina lake vilikuwa juu ya ganda la kanda.

Hofu iwe kwa watunzi ambao majina yao hayakuwahi kuandikwa popote.

Kabla ya kanda, Buhaya ilikuwa na mamanju wa enanga, zeze la ubao uliochongwa kama hori, ambalo uzi wake hupitishwa mara kadhaa kutoka ncha hadi ncha. Manju huyo alikuwa mtunzi, mwanahistoria na msema kweli kwa pamoja. Aliimba habari za Rukiza, za Kachwenyanja, za Mugasha mungu wa ziwa, na kila alipoimba alitunga upya, akipima baraza lililo mbele yake. Utendi wa namna hiyo haukutungwa kwa ajili ya dakika nne za redio. Utawala wa machifu ulipofutwa nchini mwaka 1963, mabaraza ya Abakama, yakiwamo ya Kianja na Ihangiro, yalikufa kama taasisi, na manju akampoteza mlezi wake mkuu.

Katika hao, Habibu Selemani ndiye anayejulikana zaidi nje ya Kagera. Hiyo si kwa sababu ya soko. Ni kwa sababu Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizirekodi tendi za enanga, akaziandika na kuzichambua, akitaja nani aliimba nini. Kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu mjadala wa tendi za Kiafrika kimeandikwa kwa Kiingereza. Sijui mkulima wa Kamachumu angekifikiaje.

Tatizo liko hapa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilimpa mtunzi ulinzi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Sheria hiyohiyo iliziweka sanaa za jadi katika fungu lake, kama mali ya jamii. Je, Rukiza wa Habibu Selemani aingie fungu lipi? Kisa ni cha Wahaya wote, lakini mpangilio, mafumbo na maneno ni ya mtu mmoja aliyekesha akiyapanga. Prodyuza akiichukua sauti hiyo na kuibandika jina la “asili”, wa kumlipa hatajulikana, na wajukuu wa manju watausikia wimbo wa babu yao kwenye simu kama mtu mwingine yeyote.

Kagera inalifahamu jambo hili vizuri kupitia kahawa. Ikiuzwa ya maganda, faida huwasubiri wakoboaji. Ndiyo maana kuwa na kiwanda cha TANICA mjini Bukoba kulikuwa na maana.

Halmashauri za Bukoba na Muleba hazihitaji tamasha jingine la ngoma lenye fulana na hotuba. Zinahitaji kinasa sauti, daftari, na mtu anayejua Kihaya wa kuuliza: huu ni wa nani, ameuimba lini, amejifunza kwa nani? Kwa Habibu Selemani ushahidi upo maktabani. Kwa wengine, kilichobaki ni kanda zilizo kabatini, na utepe wa kanda hunata na kukatika hata usipochezwa.