Askari Akizuru Khokana na Bungamati Aangalie Nini?

Katika nchi za mbali ambazo askari wetu hupata kuzisikia, Nepal ni mojawapo ambayo jina lake si geni kambini. Wazee wa K.A.R. waliopelekwa Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka 1944 walikuwa katika jeshi moja na Wagurkha, wakarudi nyumbani na sifa zao. Hata katika karne hii, Wanepali wamekuwa miongoni mwa askari wa Umoja wa Mataifa walioonekana Ituri na kwingineko mashariki ya Kongo, na nchi yao imo katika orodha ya mbele ya zile zinazotoa askari wa kulinda amani. Wanacho chuo cha kazi hiyo huko Panchkhal, mashariki ya Kathmandu, na askari wa mataifa mengi wamepata kufanya mazoezi ya pamoja hapo. Basi si ajabu ndugu msomaji ukajikuta siku moja umo Kathmandu, una ruhusa ya nusu siku, na hujui uitumie vipi.

Makampuni ya utalii ya mji ule yana jibu tayari. Humchukua mgeni asubuhi kwa gari, pamoja na kiongozi, wakampitisha katika mji wa kale wa Kirtipur, kisha vijiji vya Khokana na Bungamati, na kabla ya chakula cha mchana amekwisha rudishwa hotelini. Njia yote haizidi kilometa kumi hivi kutoka katikati ya mji. Maoni yangu ni kwamba safari hiyo yafaa sana kwa mtu anayevaa sare ya serikali, pengine kuliko kwa mtalii wa kawaida, lakini kwa masharti mawili. La kwanza, kiongozi awe mzaliwa wa vijiji vile, si kijana wa mjini aliyekariri tarehe. La pili, asikubali kuonyeshwa madirisha ya nakshi tu na kuacha mashamba. Sababu zangu ni hizi.

Wenyeji wa vijiji hivi ni Wanewari, watu wa kale wa Bonde la Kathmandu. Lugha yao wenyewe huiita Nepal Bhasa, nayo si tawi la Kinepali kinachosemwa na serikali, bali ina asili nyingine kabisa. Dini zao ni Uhindu na Ubudha, na mara nyingi nyumba moja huziheshimu zote mbili pasipo kuona mgongano wowote. Nyumba zao ni za matofali mekundu na mbao, zimeshikamana kandokando ya njia zilizotandikwa mawe. Katika kila mtaa kuna kibanda kilicho wazi upande mmoja, kina sakafu ya mbao na paa la vigae, ambapo wazee hukaa jioni na wapita njia hupumzika. Wao hukiita pati au falcha. Mtu wa pwani akikiona hatahitaji tafsiri: hiyo ni baraza.

Jambo ambalo kiongozi mzuri hatakosa kulieleza ni guthi. Hii ni taasisi ya ukoo au mtaa inayomiliki ardhi na mali kwa ajili ya kazi maalumu: kutengeneza hekalu, kuzika wafu, kulisha wapiga ngoma siku ya sherehe, kusafisha mifereji ya maji. Waislamu wetu wataifahamu upesi wakiambiwa kwamba ina ujamaa na wakfu. Mwaka 2019 serikali ya Nepal ilipopeleka bungeni mswada wa kuziweka guthi chini ya mamlaka mpya, watu walimiminika barabarani. Polisi waliwamwagia maji kwa magari yao. Kabla ya mwezi Juni kwisha mswada ulikuwa umeondolewa, na hata baada ya kuondolewa umati mkubwa zaidi ulitoka kuandamana, ili serikali isije ikadhani kwamba mambo yamesahauliwa.

Kirtipur ni mji juu ya kilima, na askari yeyote akifika atatambua mara moja kwa nini ulikuwa mgumu kutekwa. Prithvi Narayan Shah, mfalme wa Gorkha aliyeiunganisha Nepal, aliushambulia mara ya kwanza mwaka 1757, akashindwa na kumpoteza jemadari wake mkuu, Kalu Pande. Aliurudia mwaka 1764. Akashindwa tena, na ndugu yake akatobolewa jicho kwa mshale. Katika jaribio la tatu, baada ya kuuzingira, akaupata. Ndipo yakatendeka mambo ambayo padre Mkapuchini aliyekuwa katika bonde hilo aliyaandika kwa uchungu: waliokwisha shindwa walikatwa pua na midomo. Katika hekalu la Bagh Bhairav mpaka leo zimetundikwa panga na ngao za vita vile. Zimepita karne mbili na nusu. Ufalme wenyewe wa ukoo wa Shah ulikomeshwa mwaka 2008, na watu wengi duniani hawajui hata tarehe ya vita hivyo, lakini mtoto wa Kirtipur anajua habari za pua. Ushindi wa kivita wa Prithvi Narayan hutajwa katika vitabu kwa sifa, na mimi sina ugomvi na sifa hizo, maana aliijenga nchi. Lakini waliotoa amri ile ya baada ya ushindi hawakuwapunguzia adui idadi; adui alikuwa amekwisha weka silaha chini. Waliwaachia wajukuu zao deni.

Kutoka hapo gari huteremka kwenda Khokana. Kijiji hiki kina sifa ya mafuta ya haradali. Mbegu hukaangwa, husagwa, hupashwa mvuke, kisha hukamuliwa kwa boriti kubwa za mbao zilizokazwa kwa nguvu za watu. Siku hizi mashine zimeingia, lakini kinu cha kale bado huonyeshwa, na harufu yake hukupokea kabla hujafika. Mafuta hayo ni ya kupikia, ya taa za hekaluni, na ya kuwapaka watoto wachanga wakiwa wameanikwa juani. Tangu mwaka 1996 Nepal imekiweka kijiji hiki, pamoja na kazi yake ya mafuta, katika orodha ya mahali ambapo ingependa UNESCO ipakubali kuwa urithi wa dunia. Jambo jingine la ajabu ni kwamba wakati nchi nzima inapoadhimisha sikukuu kuu ya Dashain, watu wa Khokana hawaiadhimishi. Wao wana sherehe yao ya Shikali, pamoja na ngoma za vinyago katika uwanja ulio nje ya kijiji.

Uwanja huo na mashamba yanayouzunguka ndiyo sehemu ambayo safari nyingi huiruka, nami nasema hapo ndipo askari asimamishe gari.

Mwaka 2017 serikali ya Nepal ililikabidhi jeshi lake kazi ya kujenga barabara ya mwendo wa kasi, yenye urefu wa kilometa zaidi ya 70, kutoka Bonde la Kathmandu mpaka Nijgadh katika nchi tambarare ya kusini. Mwanzo wa barabara ulipangwa uwe Khokana. Faida yake haina ubishi: malori ambayo sasa huzunguka milimani kwa saa nyingi yangefika kwa muda mfupi, na bei ya chakula mjini ingeshuka. Isitoshe, jeshi kujenga barabara ni jambo la heshima, na sisi tunaojua shida ya barabara mbovu hatuwezi kulidharau. Lakini wakulima wa Khokana na Bungamati walihesabu wakaona kwamba siyo barabara hiyo peke yake. Ilikuwapo pia barabara ya mzunguko wa nje, njia ya kandokando ya mto Bagmati, nguzo za umeme mkubwa, na mpango wa mji mpya. Kila mradi ukitaka kipande cha ardhi ile ile. Walisema kwamba viwanja vya sherehe, mahali pa kuchomea maiti na njia za miungu yao vitaliwa, na kwamba fidia haiwezi kununua vitu hivyo. Mwaka 2020 walikwenda kupanda mpunga katika ardhi iliyotwaliwa, wakapambana na polisi. Hata kufikia mwaka 2024 mgogoro wa sehemu ile ulikuwa haujamalizika, ingawa kazi kwingineko ilikuwa ikiendelea.

Nani mwenye haki? Mimi naona jeshi lilipewa kazi iliyoanza vibaya kabla halijaipokea. Wanaochora mistari katika ramani za ofisini hawakuketi kwanza katika falcha za Khokana, na mzigo wa kosa hilo ukamwangukia koplo wa polisi aliyesimama na ngao mbele ya bibi mwenye miche ya mpunga mkononi. Koplo yule hakuichagua barabara. Bibi yule hakuichagua serikali iwe adui yake. Ndugu zetu polisi walio huku wanayajua mambo ya namna hii bila kusimuliwa.

Bungamati ni mwendo mfupi wa miguu kutoka Khokana. Ni kijiji cha wachonga mbao. Sauti ya patasi husikika mlango hata mlango. Lakini sifa yake kubwa ni kuwa makao ya Rato Machhendranath, mungu wa mvua, ambaye hukaa hapo nusu ya mwaka na nusu nyingine hukaa mji wa Patan. Kila mwaka hutembezwa Patan katika gari la mbao lenye mnara upatao mita 18, likivutwa kwa kamba na mamia ya watu. Kila baada ya miaka 12 gari huanzia Bungamati kwenyewe. Mwaka 2015 ulikuwa mwaka wa namna hiyo. Gari lilikuwa njiani wakati tetemeko la Aprili 25 lilipopiga, saa sita kasoro dakika nne mchana, likaua karibu watu 9,000 nchini. Hekalu la Bungamati lilianguka chini kabisa, na nyumba nyingi za kijiji pia. Mungu mwenyewe, kwa kuwa alikuwa safarini, hakuwamo. Wenyeji hulisimulia hilo kila mmoja kwa tafsiri yake. Waliofukua vifusi kwa mikono, pamoja na wanavijiji, ni askari na polisi wa Nepal, na siku zile hakuna aliyewatupia jiwe.

Miaka mitano baadaye, Septemba 3, 1920 ingekuwa rahisi kuielewa, lakini ilikuwa 2020: polisi wale wale walipambana na watu wa Patan waliojaribu kulivuta gari la mungu huyo wakati wa katazo la korona. Palitumika gesi ya kutoa machozi na maji, na amri ya kutotoka nje ikatangazwa kesho yake. Katazo lilikuwa na sababu. Ugonjwa ulikuwa ukiua. Kilichokosekana ni mazungumzo ya mapema, kwa maana gari lilikuwa limesimama barabarani kwa siku nyingi na kila mtu alijua kwamba watu hawatavumilia kuona msimu unapita. Baadaye pande zote zilikaa, ibada ya kuomba radhi ikafanywa, na mungu akarejeshwa Bungamati.

Kwa atakayekwenda, yapo mambo machache ya adabu. Usiende na sare. Vua viatu unapoambiwa, na usilazimishe kuingia mahali palipokatazwa wasio Wahindu. Uliza kabla ya kupiga picha, hasa wanawake wazee wanaovaa sketi nyeusi zenye ukingo mwekundu, ambao wamechoka kufanywa mapambo. Ukikaribishwa aila, ujue ni pombe ya kukenekwa, ina ukali usiopungua wa waragi, na gari la kurudi haliko mbali. Ukinunua mchongo, nunua kwa aliyeuchonga, na usibishane bei kama uko mnadani.

Zamu ya kuanzia Bungamati huja tena mwaka 2027. Askari atakayekuwa Nepal mwaka huo aombe ruhusa ya siku nzima badala ya nusu, na aiombe mapema, kwa kuwa wakati wa msafara njia hufungwa na kijiji hufikiwa kwa miguu.